CF3 kwenye kizimba cha kaboni: kupachika ni rahisi, kazi iko kwenye mahali

Chukua fulerini ya C60, molekuli ya kaboni 60 yenye umbo la mpira mtupu ndani, iliyokauka vizuri, ifungie ndani ya ampuli ya kioo pamoja na gesi ya CF3I (CF3, yaani kaboni moja yenye florini tatu, iliyoshikana na iodini), ipashe joto hadi nyuzi 430 za Selsiasi, uiache humo siku mbili. Ukifungua, vikundi vya CF3 vitakuwa vimeshika kwenye kizimba, yaani huo mpira wa kaboni. Swali linaloanza hapo ndilo zito: vimeshika vingapi, na vimekaa wapi? Ampuli moja inaweza kutoa molekuli zenye vikundi 4, 6, 8, 10 na 12 kwa pamoja. Hata zile zenye vikundi 10 si kitu kimoja, kwa kuwa mpangilio wa vikundi hivyo juu ya kizimba hutofautiana. Anayetaka kutumia kemikali hii kwenye seli ya jua au transista hawezi kufanya lolote na mchanganyiko huo. Anahitaji molekuli moja, yenye mpangilio mmoja, iliyothibitishwa.

Makala hii inafuata njia hiyo tangu kukausha unga mpaka kuthibitisha mpangilio. Nimeelemea zaidi kwenye CF3, kwa sababu ndicho kikundi chenye florini ambacho kemia yake juu ya fulerini imechimbwa kwa kina kuliko vingine, hasa na maabara za Moscow, Sussex na Colorado.

Neno kwanza kwa msomaji wa Arusha, Moshi au Bonde la Ufa. Ukisikia florini unawaza meno ya kahawia na maji ya kisima. Ile ni ioni ya floraidi, florini yenye chaji iliyoyeyuka majini, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Florini ya CF3 imefungwa kwenye kaboni kwa bondi ambayo ni miongoni mwa bondi imara kabisa za kaboni. Haitoki kwa maji, na tabia zake haziwezi kukisiwa kwa kutazama floraidi.

Kizimba chenyewe

C60 iligunduliwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996. Lakini kazi ya kupachika vikundi ilianza kuwezekana mwaka 1990, pale Krätschmer na Huffman walipoonyesha kwamba ukivukiza fito za grafiti kwa umeme ndani ya heliamu unapata masizi yenye fulerini ya kutosha kupimwa kwa gramu.

Kizimba kina pembetano 12 na pembesita 20. Atomi zote 60 ni sawa kimahali, ila bondi zake ni za aina mbili: zile zinazotenganisha pembesita mbili ni fupi na zina tabia ya bondi maradufu, na zile za ukingo wa pembetano ni ndefu kidogo na zina tabia ya bondi moja. Ukielewa hilo tu, umeelewa nusu ya kemia ya C60. Molekuli haifanani na benzini iliyokunjwa. Inafanana zaidi na mkusanyiko wa bondi maradufu 30 zenye njaa ya elektroni, na inachukia kabisa kuweka bondi maradufu ndani ya pembetano. Hesabu za nadharia zilizofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikadiria kwamba kila bondi maradufu inayolazimishwa kuingia kwenye pembetano hugharimu takriban kilojuli 36 kwa moli. Shika namba hiyo, itarudi.

Njaa hiyo ndiyo iliyowafanya wanakemia wa DuPont mwaka 1991 waifananishe C60 na sifongo la redikali huru. Redikali ni chembe yenye elektroni isiyo na mwenzi, na C60 huzinyonya moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 kundi hilohilo lilionyesha kwamba redikali zenye florini nyingi hushika vilevile, na kwa idadi kubwa. Tangu hapo hapakuwa na shaka kwamba kupachika kunawezekana. Mabishano yote yaliyofuata yalihusu udhibiti.

Kwa nini CF3, si florini tupu

Unaweza kupachika florini moja kwa moja. C60F18 hupatikana kwa kupasha C60 pamoja na K2PtF6 katika ombwe, C60F36 kwa kutumia MnF3, na C60F48 kwa gesi ya florini yenyewe. Ni molekuli za kuvutia. C60F18, kwa mfano, ina florini zote upande mmoja, upande huo umebonyea ukawa bapa, na chaji ya umeme ya molekuli nzima imegawanyika kwa nguvu sana, upande mmoja hasi na mwingine chanya. C60F36 na C60F48 hunyakua elektroni kutoka kwa tabaka za jirani, ndiyo maana hutumika kuchanganywa kwa kiasi kidogo kwenye vipitishi-nusu vya kaboni.

Udhaifu wake unaonekana zinapokutana na maji. Florini iliyoshika kwenye kizimba, jirani na bondi maradufu, inaweza kung'olewa na kundi la OH, hasa ndani ya kiyeyusho chenye unyevu. Unaanza na molekuli moja safi, baada ya siku kadhaa una tatu. CF3 haina tabia hiyo. Bondi yake na kizimba ni ya kaboni kwa kaboni, maji hayaigusi, na vitu hivi vinaweza kugeuzwa mvuke katika ombwe na kurudi kuwa unga bila kuharibika. Kwa yeyote asiye na sanduku la gesi kavu la kufanyia kazi kila hatua, naona CF3 ndiyo njia ya busara.

Kuna pia CF2, ambayo hukaa kama daraja juu ya bondi moja ya kizimba. Hutengenezwa ndani ya kimiminika, kwa chumvi ya sodiamu ya asidi ya klorodifloroasetiki katika diklorobenzini, na jambo lake la pekee ni kwamba bondi iliyo chini ya daraja inaweza kufunguka bila kizimba kuvunjika. Siendelei nayo hapa. Inastahili makala yake.

Kwa nini vikundi havikai popote

Hesabu ni ya kutisha ukiitazama bila kemia. Vikundi viwili vinavyofanana vinaweza kukaa juu ya C60 kwa namna 23. Vinne, namna 4,190. Kumi, zaidi ya milioni 628. Lakini mpangilio wa C60(CF3)10 uliowahi kutengwa na kuthibitishwa unahesabika kwa vidole. Kuna kitu kinachochuja.

Kichujio cha kwanza ni ukubwa. Redikali ya kwanza ya CF3 ikishika, kaboni iliyoguswa hutoka kwenye mfumo wa bondi maradufu na kuacha elektroni moja pweke ikitangatanga kwenye kaboni za jirani. Elektroni hiyo hutumia muda mwingi mahali pa karibu kabisa na mahali pa mkabala ndani ya pembesita ileile. Atomi ya haidrojeni au ya florini ingekwenda pa karibu, kwa sababu hapo hakuna bondi maradufu inayosukumwa kwenye pembetano. CF3 ni nene. Florini tatu za kikundi kimoja zinagongana na tatu za mwenzake, kwa hiyo kikundi cha pili kinakwenda mkabala, namba 1 na 7 kwa mfumo wa kuhesabu kaboni za C60, na molekuli inakubali kulipa zile kilojuli 36.

Kichujio cha pili ni bei hiyohiyo. Kwa kuwa kila jozi ya mkabala huingiza bondi maradufu kwenye pembetano, jozi inayofuata hupenda kukaa pale itakapopunguza hasara. Ndiyo maana vikundi havitawanyiki ovyo: vinajipanga kama utepe, pembesita moja yenye vikundi viwili ikishikana na ya pili, ya tatu, hadi mwisho, huku kila jirani akiwa mkabala au akiruka kaboni moja. Kwenye C70, ambayo ina umbo la yai, utepe huzunguka kiunoni. C70(CF3)8 ina vikundi vinane katika pembesita saba mfululizo za mkabala. Ukipika C70 kwa CF3I karibu na nyuzi 470, zao moja la C70(CF3)10 hutawala mchanganyiko, na lina utepe huohuo ulioongezwa vikundi viwili mwishoni. Anayeanza kazi hii akitaka kuona udhibiti kwa macho yake aanze na C70. C60 ina milango mingi mno ya kuingilia.

Kichujio cha tatu ni joto. Chini ya nyuzi 300 hivi kikundi kikishika kimeshika, na mpangilio unaoupata ni wa yule aliyewahi kufika. Kuanzia 400 kwenda juu vikundi vinaweza kung'oka na kushika tena, na mchanganyiko unaelekea kwenye mipangilio tulivu zaidi. Joto kubwa, kwa hiyo, halileti vikundi vingi tu. Linasahihisha makosa pia. Sioni jambo jingine linaloeleza vizuri zaidi kwa nini njia ya CF3I iliishinda njia ya zamani ya chumvi ya fedha.

Njia ya fedha, kwa kifupi

Roger Taylor wa Sussex na wenzake wa Moscow walisaga C60 pamoja na trifloroasetati ya fedha na kuupasha mchanganyiko karibu nyuzi 300. Chumvi hiyo huvunjika ikatoa CF3, kaboni dioksidi na fedha tupu. Ni rahisi, haihitaji gesi ya bei kali, na vifaa vyake vipo katika maabara nyingi. Kwa kila miligramu 72 za C60, yaani moli 0.0001, vikundi kumi vinahitaji angalau miligramu 221 za chumvi.

Matatizo yake ni matatu. Chumvi ya fedha hufyonza unyevu hewani kama sukari ya mawe wakati wa masika, na unyevu huo huleta haidrojeni kwenye kizimba, kwa hiyo unapata molekuli zenye CF3 na H pamoja ambazo huwezi kuzitenga kirahisi. Kaboni dioksidi inayotoka huongeza shinikizo, na mtu aliyefunga tyubu bila kuhesabu atapasua. Tatizo kubwa kuliko yote ni mtawanyiko: kutoka vikundi viwili hadi zaidi ya ishirini katika tyubu moja. Inafaa kwa kujifunzia. Kwa kupata kitu kimoja, hapana.

Ampuli ya CF3I, hatua kwa hatua

Anza na unga. C60 inayouzwa kama safi kwa asilimia 99.5 mara nyingi bado imeficha toluini au kiyeyusho kingine ndani ya fuwele. Ipashe katika ombwe kwa nyuzi 150 hadi 200 usiku kucha. Ukiruka hatua hii, redikali za CF3 zitanyang'anya haidrojeni kutoka kwenye toluini, utapoteza gesi kwa kutengeneza CF3H, na haidrojeni nyingine itaishia kwenye kizimba. Katika kipimo cha tungamo utaiona kama kilele kilichosogea kwa 1, na utakesha ukijiuliza imetoka wapi.

Sasa kiasi. Chukua miligramu 72 za C60. Vikundi kumi vinataka milimoli 1 ya CF3I, sawa na miligramu 196. Huwezi kuweka kiasi hicho hasa, kwa sababu redikali nyingine hukutana zenyewe na kuwa C2F6, kwa hiyo mara tatu ni mahali pazuri pa kuanzia: milimoli 3, miligramu 588. CF3I huchemka kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri, hivyo huipimi kwenye mizani. Ipime kama gesi. Tungi la kioo la mililita 100, likiwa kwenye joto la chumba la nyuzi 25, litakuwa na milimoli 3 shinikizo likifika takriban angahewa 0.73. Kisha ihamishie kwenye ampuli kwa kuipoza ampuli katika nitrojeni ya maji (nitrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika), hakikisha ombwe limekaza, na funga shingo kwa moto. Nitrojeni ya maji na hewa havikai pamoja: ampuli inayovuja itakusanya oksijeni ya maji, na hiyo ikipata joto ni mlipuko.

Kabla ya kufunga, hesabu shinikizo. Milimoli 3 za gesi ndani ya mililita 10, kwenye nyuzi 430, ni takriban angahewa 17. Ampuli ya kawaida ya maabara haiaminiki hapo. Gesi ileile ndani ya mililita 50 ni angahewa 3.5, na hapo unaweza kulala. Watu wengi hupunguza ukubwa wa ampuli kwa sababu unga ni kidogo na macho yanadanganya. Usiangalie unga, angalia gesi. Kioo cha borosilikati kiishie nyuzi 450. Ukitaka zaidi, tumia kwatzi. Ampuli iingie tanurini ikiwa ndani ya bomba la chuma lililo wazi ncha zote mbili, tanuri liwe ndani ya kabati la kuvuta hewa lenye ngao, na asiyehusika asisimame mbele yake.

Kinachotokea ndani ni hiki. Bondi ya kaboni na iodini katika CF3I ina takriban kilojuli 225 kwa moli, ni dhaifu, na joto huikata. CF3 hukimbilia kizimba, iodini mbili huungana kuwa I2. Iodini ndiyo ileile ya chumvi yenye madini joto, ila hapa ni mvuke wa zambarau, na ni mkorofi: redikali ya CF3 ikikutana na I2 inarudi kuwa CF3I. Kadiri I2 inavyojaa, kazi inapungua kasi. Dawa yake ni unga wa shaba. Shaba hukamata iodini na kuwa CuI, iodini haichezi tena, na vikundi huendelea kushika. Kwa milimoli 3 za CF3I, miligramu 191 za shaba zinatosha kukamata iodini yote kinadharia. Weka zaidi kidogo, kwa kuwa uso wa punje tu ndio unaofanya kazi. Shaba iliyokaa hewani ina ngozi ya oksidi, na oksidi hiyo huingiza oksijeni mahali usipoitaka. Isafishe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, isuuze, ikaushe katika ombwe siku hiyohiyo.

Shaba ina pande mbili. Inaongeza idadi ya vikundi na kufupisha muda, lakini kwa anayetaka vikundi viwili au vinne tu inampitisha kituo. Hapo bora kutoitumia kabisa, na kupunguza CF3I hadi karibu na kiasi cha hesabu.

Ipo pia njia ya mkondo. C60 hutandazwa kama tabaka jembamba ndani ya bomba la kwatzi, tanuri linakuwa nyuzi 460 hivi, na CF3I hupita polepole kwa shinikizo la angahewa. Molekuli zilizopata vikundi huwa nyepesi kugeuka mvuke kuliko C60 yenyewe, kwa hiyo zinaruka na kuganda kwenye sehemu baridi nje ya tanuri, pete ya rangi ya kahawia na chungwa ikifuatana na iodini. Uzuri wa njia hii ni kwamba zao linajiondoa jikoni likishaiva. Kwa njia ya mkondo wa nyuzi 460 ndipo ilipopatikana C60(CF3)10 maarufu iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo vikundi vyake viko kwenye kaboni namba 1, 3, 7, 10, 14, 17, 23, 28, 40 na 44.

Wazo hilohilo lilisukumwa mbele zaidi na maabara ya Colorado: sahani ya moto chini, sahani iliyopozwa kwa maji juu yake, CF3I katikati kwa shinikizo dogo. Molekuli ikipata vikundi vichache inaruka na kuganda juu kabla haijapata vingine. Ukibadilisha shinikizo la gesi unabadilisha muda ambao molekuli inakaa kwenye joto, na kwa hiyo idadi ya vikundi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa chenye akili kuliko vyote katika kazi hii, maana kinatumia tabia ya molekuli yenyewe kama kipima-muda.

Kufungua, na iodini

Poza ampuli hadi joto la chumba, kisha katika nitrojeni ya maji, ndipo ukate shingo, kwa sababu C2F6 na CF3I iliyobaki bado ni gesi yenye shinikizo. Kama unyevu uliingia popote, tegemea kuwepo kwa floraidi ya haidrojeni. Huyu hula kioo, hupita kwenye ngozi na kufuata kalisi ya mwili hadi mfupani, na maumivu yake huchelewa. Jeli ya glukonati ya kalisi iwepo mezani, si kabatini.

Ondoa iodini kabla ya jambo lolote lingine. Ifukize katika ombwe kwa joto dogo, au yeyusha zao katika toluini na uioshe kwa maji yenye thiosalfati ya sodiamu hadi rangi ya zambarau ikome. Iodini ikiingia kwenye mashine ya kromatografia, ile ya kutenganishia molekuli, hula chuma cha pua cha mirija na vali, na pia hutoa kilele kinachoweza kudhaniwa kuwa zao. Baada ya hapo chuja. Kinachobaki kwenye karatasi ni CuI, shaba na pengine kaboni iliyoungua. Kaboni ikiwa nyingi, joto lilipita kiasi au oksijeni iliingia.

Kipimo cha haraka cha tungamo kinafaa kufanywa hapa, kabla ya kupoteza kiyeyusho. C60 ina tungamo 720, kila CF3 inaongeza 69. Vikundi kumi ni 1410. Kilele kilicho 16 juu ya kinachotarajiwa ni oksijeni kwenye kizimba. Angalizo: miali ya leza inayotumika kwenye baadhi ya vipimo hung'oa CF3, na mtu anaona 1341 akadhani ana molekuli ya vikundi tisa. Idadi ya vikundi kwenye molekuli tulivu ni shufwa. Ukiona witiri nyingi, laumu kipimo kwanza, kisha tafuta haidrojeni au OH.

Kutenganisha

Hapa ndipo siku zinapokwenda. Safu ya kromatografia inayofaa, yaani mrija ambamo mchanganyiko hupita na kutengana, ni ile yenye vikundi vya pireni juu ya silika, iliyobuniwa kwa ajili ya fulerini na inayouzwa kwa jina la Buckyprep. Pireni ni bapa, hushikana na uso mtupu wa kizimba. Kadiri CF3 zinavyoongezeka, uso mtupu hupungua na molekuli hutoka mapema. Kwa hiyo C60 isiyoguswa hutoka mwisho, yenye vikundi viwili kabla yake, na zenye kumi na kuendelea hukimbia zote pamoja mwanzoni kama utatumia toluini tupu.

Suluhisho ni kufanya mizunguko miwili. Wa kwanza kwa toluini tupu, kugawa mchanganyiko katika mafungu mapana. Wa pili kwa toluini iliyozimuliwa sana na heptani, 20 kwa 80, ambayo huwapunguza mwendo wenye vikundi vingi na kuwatenga mmoja mmoja. Safu ya upenyo wa milimita 10 na urefu wa 250, kwa mililita 5 kwa dakika, inachukua miligramu chache tu kila sindano. Mtu akipakia zaidi ili amalize mapema, vilele hupanuka na kupandana, na itabidi arudie. Weka kitambuzi cha mwanga kwenye nanomita 300 au zaidi, kwa kuwa toluini yenyewe hufyonza mwanga ulio chini ya 285 na utaona ukuta badala ya vilele.

C60 huyeyuka katika toluini kwa takriban miligramu 2.8 kwa mililita tu. Zenye CF3 nyingi huyeyuka zaidi, na hiyo ni neema. Lakini C60 iliyobaki ikiwa nyingi itaganda ndani ya mrija wa sindano. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.2 kila mara.

Ukianza na miligramu 72 na mambo yakaenda vizuri, zao lote la nadharia la C60(CF3)10 ni miligramu 141. Mpangilio mmoja safi mkononi utakuwa sehemu ndogo ya hiyo, pengine miligramu chache. Panga matumizi kwa kiasi hicho tangu mwanzo.

Kujua vilipokaa

Tungamo linakupa idadi. Mahali kunasemwa na NMR ya florini-19, kipimo kinachosoma viini vya atomi ndani ya sumaku, na hapa florini inakulipa fadhila, maana ni kiini kinachoonekana kwa urahisi karibu sawa na haidrojeni. Weka heksaflorobenzini kama alama, kwenye -164.9 ppm. CF3 za kwenye kizimba hujitokeza takriban kati ya -60 na -72. Hesabu ishara zake. Molekuli isiyo na ulinganifu yenye vikundi kumi itatoa ishara kumi, yenye ulinganifu wa nusu kwa nusu itatoa tano. Ile ya vikundi viwili vya mkabala, 1,7-C60(CF3)2, ina nusu mbili zinazofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo, hivyo hutoa mstari mmoja tu.

Kisha angalia umbo la kila ishara. Vikundi viwili vinavyoshiriki pembesita moja vinagusana kupitia nafasi, florini kwa florini, na kugawana ishara kwa hezi 8 hadi 18 hivi. Kikundi kilicho mwisho wa utepe kina jirani mmoja, kwa hiyo hugawanyika mara nne. Kilicho katikati kina wawili, na ishara yake ni pana yenye meno mengi. Ukihesabu za meno manne unajua utepe una ncha ngapi: mbili ni utepe mmoja, nne ni tepe mbili zilizotengana. Kwa ramani ya pande mbili ya NMR unaweza kufuata utepe jirani kwa jirani kuanzia ncha moja hadi nyingine, kama mtu anayefuata kamba gizani.

NMR haisemi kila mara kama majirani wawili wako mkabala au wameruka kaboni moja. Hapo inabidi fuwele. Acha mmumunyo wa toluini ukauke polepole sana ndani ya kichupa kilichofunikwa kwa karatasi yenye tundu moja, gizani, wiki kadhaa. CF3 huzunguka kwenye mhimili wake hata ndani ya fuwele, na florini zake huonekana zimefifia, kwa hiyo piga miale ya X kwenye baridi ya nyuzi 100 chini ya sifuri au zaidi.

Kazi yote hii ya mahali ina sababu inayopimika. C60 tupu hupokea elektroni hadi sita kwa hatua zinazorudika. 1,7-C60(CF3)2 hupokea ya kwanza kwa urahisi zaidi, tofauti ikiwa zaidi kidogo ya volti 0.1. Mtu angetegemea kwamba vikundi kumi vitaongeza urahisi huo mara nyingi. Haiko hivyo. Vipimo vya umeme vilivyofanywa Colorado na Dresden, na kutangazwa mwaka 2007, vilionyesha kwamba mipangilio tofauti ya C60(CF3)10 hutofautiana kwa sehemu kadhaa za kumi za volti, ingawa fomula ni ileile. Kinachoamua kwa sehemu kubwa ni zile bondi maradufu zilizosukumwa kwenye pembetano: ikiwepo moja mahali pake panapofaa, yenye majirani wanaoruhusu elektroni kutandaa, elektroni mpya inapata kitanda kizuri. Isipokuwepo, florini thelathini za vikundi vyote kumi zinavuta bure. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa C60(CF3)10 pekee, bila namba za kaboni, haimwambii anayetengeneza seli ya jua kiwango chake cha nishati. Andika namba zote kwenye lebo, tarehe ya NMR, na kama kuna toluini ndani ya fuwele iandike pia, maana itabadilisha kila uzani atakaoupima.